Nilimhesabu Kibet

Jumatatu, 12 Agosti 1996
Chemchemi mara mbili kabla ya chai. Matope mpaka magotini. Ng'ombe wa jirani walikuwa wametangulia na maji yamechafuka. Nikachota hivyo hivyo. Kaka yangu Kiprono alinicheka: "Na hiyo aibu yako, hata ng'ombe unawapisha."

Kesho watu wa maji wanapita. Mji wa Litein unakua, wanapanga maji ya miaka mingi mbele.

Jumanne, 13 Agosti
Afisa alikuja. Mama hajui Kiswahili sana, nikaitwa kutafsiri. Nilitamani kujificha ndani ya majani chai.

Alieleza pole pole. Mabomba yatapangwa kwa kuangalia watu waliopo na wale watakaozaliwa. Kilima chenye watu wachache kinaweza kurukwa. Akauliza watoto wa Mama ni wangapi.

"Wapo wa kutosha," Mama alisema. Kogo, nyanya yangu, akaongeza kwamba kwetu hata ndama hawahesabiwi, sembuse mtu. Ukitaja idadi, mmoja anaondoka. Kwa jirani walisema wawili tu, na uwanja wao umejaa watoto.

Nikaona kilima chetu kikirukwa, na mimi nazeeka na mtungi mgongoni. Nikamwambia afisa kwa Kiingereza, haraka: saba. Nilimhesabu hata Kibet, ambaye bado ananyonya.

Mama aliuliza nimesema nini. Nikasema, "Kwamba tuko wa kutosha."

Alhamisi, 15 Agosti
Kibet anahara tangu jana. Ni mimi. Siwezi kula.

Ijumaa, 16 Agosti
Sasa anatapika pia. Macho yameingia ndani. Analia bila machozi. Kogo anauliza kila mtu ni nani amemtazama mtoto vibaya. Akinifikia naangalia chini.

Mwalimu wa sayansi alitufundisha habari ya maji machafu. Mchana naamini hiyo. Giza likiingia siamini.

Nimeomba hivi: kama lazima mmoja aondoke, niondoe mimi. Halafu nikaogopa kwamba Mungu amesikia.

Jumamosi, 17 Agosti
Hospitali ya misheni. Lori la majani chai lilitubeba, Mama, mimi na Kibet. Wamemnyoa upande mmoja wa kichwa, dripu imeingia hapo. Ni mdogo sana kwa kile kitanda.

Nesi aliuliza tunakunywa maji gani. Nilianza kumtafsiria Mama, nikashindwa. Nikamwambia Mama yote kwa Kipsigis, lugha yetu. Ile nambari. Kiingereza. Uongo.

Hakunipiga. Aliangalia dripu ikidondoka. Kisha akasema, "Mwambie nesi ni ya chemchemi, na hatuchemshi."

Jumapili, 18 Agosti
Kibet bado hajapona. Mama hanisemeshi. Nikifunga macho namwona Kogo akichimba kaburi dogo.

Alhamisi, 22 Agosti
Tumerudi nyumbani. Mvua. Nimechemsha maji ya kunywa, yana harufu ya moshi, Kiprono analalamika.

Mama alimweleza Kogo. Nilisikia sauti zao jikoni, nikabaki nje na kuni. Kisha Kogo akaniita. Nilijua ni laana. Akanitemea mate kidogo kifuani, jinsi anavyobariki watu wanaosafiri, akanifungia Kibet mgongoni.

Afisa hajarudi. Sijui bomba litapita wapi.

Kibet amelala. Ni mwepesi kuliko wiki jana. Natembea naye pole pole uwanjani, nasikiliza anavyopumua.