Milimita Thelathini na Moja

Kaka Lahsen, huko Kasablanka,

Pokea salamu za mtaalamu wa mvua wa kijiji kizima. Usicheke! Mimi niliyeikimbia shule kwa sababu ya hesabu, sasa kila asubuhi nasoma kipimo cha mvua uani na kuwatumia namba watu wa hali ya hewa. Silipwi, lakini cheo ni cheo.

Siku tisini na nne nilituma sifuri. Majirani wakanijia juu: "We Idder, sifuri zako ndizo zinazofukuza mawingu!" Bibi akanihurumia, akamimina chai kwenye kipimo. "Andika hiyo, mjukuu wangu." Nikamwambia mvua haina mnanaa. Nikatuma sifuri.

Juzi, kaka, ilinyesha mchana kutwa! Jana nikasoma thelathini na moja, nikapiga kelele mpaka punda akaitikia.

Baba, ambaye tangu mgombane hataji jina lako, alikuja kuchungulia. Leo asubuhi alikuwa akimfunga punda jembe ili aanze kupanda shayiri. Akaniuliza, "Namba hiyo unawatumia wale tu?"

"Nimtumie nani mwingine, Baba?"

Akainamia jembe. "Yule aliyeapa kwamba hapa mvua hainyeshi tena."

Basi nimekutumia. Punda anataka mtu wa kumwongoza shambani, na mimi, unavyojua, nina kipimo changu.

Mdogo wako, mtaalamu,
Idder