Sahani ya Mwanahija Haijaja

Bagamoyo, 24 Februari 2026

Mwanangu Skola,

U hali gani huko Chalinze? Mimi sijambo, ila presha. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu nimeifungia kabatini mpaka Pasaka. Wenzangu wa jumuiya wameacha sukari, mimi nimeacha simu. Barua atakuletea konda Salumu.

Sasa sikiliza. Mwezi umeandama, sisi nasi tumepakwa majivu, mifungo yote miwili imeanza pamoja, na sahani ya Mwanahija haijaja. Tangu wewe uko tumboni, kila Ramadhani jirani yangu huyu ananiletea futari. Mwaka huu kimya. Nikawaza labda nimemkosea. Nikawaza labda ni yule kuku wangu aliyeingia jikoni kwake. Nikawaza labda amepata rafiki mwingine, na huyo rafiki ni Mama Hafidha. Mama Hafidha, Skola! Hata mihogo hajui kupika.

Katekista Damas ametufundisha kwamba wazo baya likija tulikamate, tuliulize kama ni la kweli, halafu tulikabidhi kwa Bwana Yesu. Leo nimekamata mengi mno. Nadhani Bwana Yesu mwenyewe amechoka.

Mama yako.


Chalinze, 27 Februari

Shikamoo Mama,

Mimi mzima, ila mafua kidogo. Vidonge vya presha unameza? Nimekutumia vingine kwa Salumu, kutoka hapa duka la dawa ninapofanya kazi.

Mama, kutoka mlangoni kwako mpaka kwa Bi Mwanahija mtu anaweza kurusha kandambili ikafika. Nenda ukapige hodi. Katekista amesema uliulize wazo, lakini mwenye jibu si yuko hapo jirani? Au nimpigie simu mimi?

Mwanao, Skola.


Bagamoyo, 3 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi na pole na mafua. Vidonge nimepata. Usithubutu kumpigia! Mtu mzima niombe futari kwa simu, tena kupitia mtoto? Uso wangu nitauweka wapi?

Kwenda nilijaribu. Nilisali, nikafunga kanga yangu vizuri, nikafika mpakani. Akachungulia dirishani, akaniona, akavuta pazia. Pazia, Skola! Wazo lile sikulikamata, lilinikamata lenyewe. Nimeshamwita fundi Haidar aje Ijumaa anijengee ua wa makuti hapo mpakani, mrefu. Damas anasema nisali kabla ya kujenga. Nimemwambia nitasali makuti yakishafungwa.

Mama yako.


Chalinze, 5 Machi

Shikamoo Mama,

Natumaini presha imetulia. Tafadhali usijenge. Bi Mwanahija ndiye aliyekupeleka hospitali siku ya kunizaa, umenisimulia mwenyewe. Ukiweka ua utakuwa na presha ya kumwona na presha ya kutomwona. Nijibu haraka.

Mwanao, Skola.


Chalinze, 10 Machi

Shikamoo Mama,

Hali siulizi, maana sijui hata kama upo. Salumu anarudi mikono mitupu. Bi Mwanahija nampigia, hapokei. Nimewaza umeanguka bafuni. Nimewaza mmegombana mko polisi. Nimewaza ua umewaangukia wote wawili. Leo nimempa mtu wa kikohozi dawa ya minyoo, bahati yake aliisoma kabla hajameza. Nimeomba ruhusa, Jumamosi nakuja. Niandikie hata neno moja.

Mwanao, Skola.


Bagamoyo, 11 Machi

Skola mwanangu,

Pole kwa mawazo. Mimi ni mzima, tena nanukia nazi.

Ijumaa Haidar alikuja na makuti yake. Lakini hapa kwetu huwezi kuweka ua mpakani bila kumwambia jirani, kwa hiyo ilinibidi nikapige hodi, na hasira zangu zote. Akafungua. Jiko lake baridi, na alichojiandalia kufuturu ni tende na maji. Nikasahau kilichonileta.

Akaniambia, "Mama Skola, mzee Mtoro tumemzika Julai. Niliyekuwa nampikia ni yeye, na niliyekuwa namletea ni wewe. Mwaka huu nawe umeanza kufunga pamoja nami. Sasa sufuria namwinjikia nani?"

Alidhani Mkristo akiwa Kwaresima hagusi futari, kwamba miaka iliyopita nilipokea kwa adabu tu. Mimi! Jioni nakula mpaka nalegeza kanga. Na pazia alilivuta kwa sababu alikuwa analia kwa kumkumbuka mumewe, hakutaka nimwone.

Nimeona aibu, mwanangu. Mawazo yote niliyokuwa nayakamata, hakuna hata moja lililouliza yeye anaendeleaje. Yote yalikuwa habari zangu mimi. Nilitubu kwa Bwana Yesu hapo hapo jikoni, kimoyomoyo, huku nikikuna nazi.

Tangu siku hiyo tunapika pamoja, ndiyo maana barua zimenipita. Simu yake hapokei kwa kuwa mikono imejaa tui. Haidar tulimlisha, akarudi na makuti yake. Leo nimemsomea Mwanahija ile habari ya dawa ya minyoo, akacheka mpaka akashika ukuta. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba. Nikatoka uani nikalia, nikamshukuru Mungu.

Jumamosi njoo, lakini usije kuniuguza. Mwanahija yuko hapa pembeni yangu, anasema nikuandikie uje na njaa, maana sasa ana watu wa kuwapikia.

Nilitaka kuweka sahihi kama kawaida, amekataa. Haya basi,

Mama zako.