Komeo la Mlango wa Mama

Kokbulak,
19 Januari 1989

Mpendwa mdogo wangu Zharas,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U mzima? Kifua chako kinaendeleaje na hilo vumbi la mgodini Karaganda? Safari hii siulizi kwa mazoea. Nijibu hilo kwanza, mengine yote yangoje.

Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo, lakini bado anamkamua ngamia mwenyewe na kunigombeza kwa jinsi ninavyokata tambi. Theluji imefika madirishani.

Ile filamu waliyokuja kuipiga hapa kiangazi cha mwaka juzi, ulipokuwa jeshini, hatimaye ililetwa ukumbini kwetu mwezi Novemba. Unakumbuka nilikuandikia kwamba walimchagua Mama awe bibi wa kwenye hadithi, kwa sababu ya uso wake. Hadithi yenyewe inahusu viumbe walioshuka kutoka angani. Wanavaa sura za watu na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba hifadhi, na nani katika nyika hii atamnyima mgeni? Basi wakawamaliza watu kwa njia hiyo hiyo. Kijana mmoja aliyesalia anapata mtambo wa kumrudisha nyuma miaka hamsini, anakwenda kumsihi bibi yake asimfungulie yule mgeni wa kwanza.

Mama alitakiwa aache mlango umefungwa, basi. Siku nzima alishindwa. Mgeni akibisha, yeye huyo mlangoni, anamwambia mwigizaji avue buti, chai iko tayari. Mkubwa wa filamu akamwambia, "Mama, huyu adui, amekuja kutumaliza." Mama akajibu, "Adui naye ana njaa, mwanangu. Ale kwanza, ndipo tugombane." Mwisho wakaupigilia mlango misumari kwa nje. Yale machozi yanayoonekana kwenye filamu si ya kuigiza.

Ukumbini watu walicheka, mimi nikiwa wa kwanza. Mama hakucheka. Njiani alisema tu kwamba sasa dunia nzima imemwona akimwacha mgeni wa Mungu nje.

Kicheko chenyewe hakikudumu. Kuna mahali wale viumbe wanamfuata yule kijana hadi huko nyuma, na mmoja wao anabisha kwa sauti ya kijana mwenyewe, anamwita bibi kwa jina la utani linalojulikana nyumbani kwao tu. Wiki hiyo hiyo jirani yetu Orynbasar akatia komeo mlangoni kwake, eti kwa ajili ya upepo. Mwalimu akafuata. Na mimi nikapigilia letu, Zharas, mimi niliyecheka kuliko wote. Mama alininunia siku tatu. Alisema, "Umeweka chuma kati yangu na Mungu."

Sasa nikwambie lililonifanya niandike.

Tarehe sita mwezi huu, saa tisa alasiri, tufani ya theluji ilikuwa imeugeuza mchana kuwa mweupe kiasi kwamba hata zizi halikuonekana. Mama alikuwa kwa Orynbasar, mkewe amejifungua. Mtu akabisha. Sikujibu. Akaita, "Dada Masikio, fungua bwana, nimeganda."

Hakuna mwingine duniani anayeniita hivyo ila wewe. Nilishika komeo na mkono ukagoma. Niliiona ile filamu yote mbele yangu, na nikajiambia uko Karaganda, huwezi kuwa hapa. Aliita tena mara mbili, ya pili kwa sauti ndogo. Halafu akanyamaza.

Nilipopata akili nikafungua, palikuwa na alama za buti mpaka kisimani. Kupita hapo upepo ulikuwa umefuta. Niliita mpaka sauti ikakauka, nikakimbia kwa Orynbasar. Wanaume walitafuta kwa farasi siku mbili, hawakuona kitu. Dereva wa lori la makaa anasema siku hiyo alimshusha njia panda kijana mwenye kofia ya manyoya ya mbweha. Kofia yako si ya kondoo? Nimejaribu kukumbuka hadi kichwa kinauma.

Niliwaambia nimesikia mtu. Sikusema sauti ilikuwa ya nani. Mama anakuwekea bakuli kila tunapokula, kwa kuwa uliandika Oktoba kwamba huenda ukapewa likizo ya mwaka mpya, na kwamba ungetushtukiza. Simu ya posta imekatika tangu tufani, kwa hiyo barua hii inaondoka na lori lile lile.

Komeo nimeling'oa. Mlango sasa unapigapiga ovyo na nyumba ni baridi, lakini Mama amefurahi.

Anakubusu paji la uso. Orynbasar na mkewe wanakusalimu. Mtoto wao ni wa kiume, wamemwita Amantay. Msalimie sana Shangazi Kulyash kwa kukuweka nyumbani kwake. Mungu akufunike vizuri, popote ulipo. Niandikie mstari mmoja tu, kwa mkono wako: si mimi niliyebisha.

Na wewe Shangazi, kama ndiwe unayeisoma barua hii kwa sababu mwenyewe aliondoka kuja kwetu, tafadhali usimjibu Mama. Nijibu mimi.

Dada yako akupendaye, aliyekusikia,

Ulbosyn