Ukingo Ulioondolewa Mtaani Kwetu

Jumatatu, 4 Machi

Nadai hivi, na nitalitetea dai langu mbele ya yeyote: barabara isiyo na ukingo si ya wote, ni ya wenye macho. Halmashauri imeusawazisha mtaa wetu, waendao kwa miguu na waendesha baiskeli wakachanganywa kwenye lami moja tambarare. Watu wanausifia! Lakini Baba haoni. Miaka yote fimbo yake iliufuata ukingo ule wa mawe kando ya barabara hadi karakana anakosukia viti — peke yake, bila kushikwa mkono. Leo fimbo imepapasa huku na huku, haikuambulia kitu.

Alhamisi, 7 Machi

Amegongwa. Muuza mikate, kwa baiskeli. Mikate chini, goti la Baba limechubuka. Nilifika nimepandwa na mori, nikaanza kumhutubia mtu wa watu juu ya wajibu. Yeye alikuwa ameiacha mikate chini, anamwinua Baba.

"Mzee wangu, mbona nilipiga kengele?"

"Niliisikia, mwanangu. Ndiyo maana nikasimama."

"Mimi nikajua utanipisha."

Kila mmoja alitenda lililo sahihi — na bado wakaangushana.

Jumamosi, 9 Machi

Baba hajatoka tena. Dada alijitolea kumpeleka kila asubuhi. Baba akamjibu kwamba yeye si mkokoteni wa kusukumwa. Tukacheka. Yeye hakucheka. Mchana ameniagiza nimtafutie mnunuzi wa vifaa vyake vya kazi. Nimesoma vitabu vizima kuhusu miji, nami nimeishia kuvihesabu vifaa vyake.

Jumanne, 12 Machi

Ukumbini, mkutano wa wakazi. Mhandisi wa halmashauri ametuhakikishia kwamba tutazoeana: kila mtu atamtazama mwenzake machoni, wapishane. Nikainuka. Nyuma yangu jirani akanong'ona eti msomi wetu leo atatumaliza kwa misamiati. Nikauliza: asiyeona atamtazama nani? Mhandisi akatabasamu, akanikaribisha ofisini kwake tuyazungumze kwa nafasi.

"Ofisini siji," nimemwambia. "Uamuzi mliutangaza hadharani, na Baba anaacha kazi kwa sababu yake. Nijibiwe hadharani: ukingo unarudi, au haurudi?"

Mwenyekiti ametangaza ajenda inayofuata. Kipaza sauti kimezimwa. Wananivuta shati nikae. Sikai — naandika haya nimesimama, na mhandisi ananitazama. Jibu, bwana. Mbele ya hawa wote.