Morris ya Mokhtar na Harusi ya Syuhada

Kak Salbiah, dada mshauri wetu, nisaidie kabla sijarusha spana, maana nakuandikia hapa sebuleni nimekalia kiti cha nyuma cha Morris, gari ya zamani ya mume wangu, kiti kimo humu, bodi iko bandani, na milango iko chini ya kitanda cha mama mkwe. Mokhtar aliinunua ikiwa mkweche nami nina mimba ya binti yetu Syuhada, akasema mtoto atatolewa hospitali na gari hiyo, hakutolewa nayo, akasema basi siku ya kwanza ya shule, nayo ikapita, mwisho akaapa mbele ya wazee kwamba Syuhada hatatoka kwetu kama bibi harusi ila ndani ya Morris. Sasa mchumba yupo, Haziq, kijana mpole, sinia la tambuu la posa limeshaletwa, na harusi imeahirishwa mara mbili kisa kabureta! Nikamtuma kaka yangu Penang, akaipata, ikafungwa, na Jumamosi injini ikawaka, Kak, majirani wakapiga makofi, Syuhada akalia, Haziq akasema, "Baba, basi tupange tarehe."

"Tupange, tupange," Mokhtar akajibu huku akicheka.

Asubuhi yake nampelekea chai bandani, namkuta ameifumua injini yote, vyuma vimetandazwa juu ya magazeti.

"Mlio wake haukuniridhisha," ananiambia.

"Mlio? Abang, mume wangu, kwani unaolewa wewe?"

Akaendelea kufuta bolti inayong'aa tayari. Mama yake Haziq ametuma ujumbe kwamba tukiahirisha tena, sinia lirudi. Je, nimwite mnunua vyuma chakavu Mokhtar akiwa msikitini, au nifanyeje?

Mama Syuhada, Taiping

*

Mama Syuhada, pole sana, na hebu tulia. Ukiiuza gari hiyo kwa siri utaozesha binti na kuachika mwezi mmoja. Mumeo si fundi mbovu. Fundi mbovu injini yake haiwaki! Mtu anayeambiwa "tupange tarehe" akakimbilia spana, shida yake si mlio, ni nyumba itakayobaki kimya binti akiondoka. Nawe umemtafutia kabureta hadi Penang, lakini kuvuka uani ukamuuliza anaogopa nini, hukuweza. Na Syuhada, mtu mzima mwenye akili zake, anangoja ruhusa ya injini?

Tarehe itajwe wiki hii, na aitaje Syuhada mwenyewe, palepale bandani, akiwa ameshika mkono wa baba yake hata kama umejaa grisi. Amwambie, "Baba, naolewa, na wewe ndiye utakayenipeleka." Gari muazime kwa jirani, yoyote yenye milango. Kiapo kile kina wazee walioshuhudia, nao watakisamehe wakishakula pilau. Mokhtar aendeshe. Akilia mwacheni alie, ila asimamishe gari kando kwanza.

Harusi ikipita, Haziq awe anakuja kwenu Ijumaa baada ya swala. Akimkuta mkwewe anafungua kitu kilichokwisha kutengenezwa, asiulize kwa nini. Akunje mikono ya shati, aulize, "Baba, nishike wapi?"