Herufi Nane za Baba

Chumba cha juu, nyumba ileile
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Wifi hajambo? Na wanangu je, yule mkubwa ameacha kung'ata kola za mashati? Sisi huku ni wazima. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, ila mdomo haujaumwa hata siku moja. Baba ni mzima, mkimya, kichwa ngumu, yaani hajabadilika.

Nakuandikia nikiwa mezani pangu pa kazi, dirisha wazi. Mwanga wa asubuhi umefika hadi kwenye makopo ya skrubu, na vumbi linaelea hewani bila haraka ya kutua. Siku kama hizi huwa nasahau huu ni mwaka gani. Mbele yangu kuna mashine tatu, na zote zinakaribia umri wangu.

Uliniuliza kazi inakwendaje. Inakwenda. Watu wananiletea kompyuta za zamani ambazo moyo unawakataza kuzitupa. Ugonjwa wa mashine hizo ni mmoja: diski ya ndani, ile inayotunza kila kitu, imezeeka, na nyingine ya aina yake haipatikani tena. Basi naitoa, na mahali pake naweka kifaa cha diski za kuchomoa. Diski inaingia na kutoka kama kaseti kwenye redio. Ikichoka, unachomeka nyingine, na mashine inaendelea na maisha yake.

Sasa nikwambie habari za Mkoromaji. Unaikumbuka kompyuta ya Baba, ile uliyomwambia siku unaondoka kwamba imepitwa na wakati kama mwenyewe. Bado anaitumia. Tangu aache kazi ya usahihishaji kiwanda cha uchapaji, kila alasiri anakaa mbele yake saa nzima, mlango umerudishwa, nasi tunasikia mkoromo wa diski ukipenya ukutani. Mimi usingizi wa mchana siupati bila sauti ile. Mwezi uliopita mkoromo ukageuka kikohozi.

"Itapona," Baba akasema.

"Baba, diski haiponi."

"Mbona mimi nilipona?"

Alikubali shingo upande, baada ya siku nne.

Niliifungua Jumanne. Diski iligoma kuzunguka. Nikaishika mkononi, nikaipindua ghafla kidogo tu, kama unavyolegeza kifuniko cha chupa, ikaamka. Orodha ya mafaili ikapanda kwenye kioo kwa maandishi ya kijani. Mashine ile, kama unakumbuka, haitaki jina la faili lizidi herufi nane, zinazozidi inazikata. Msahihishaji mzima, mtu aliyekuwa akikosa raha kwa ajili ya koma moja, na mafaili yake yote hayana mikia: BARUAKWA, MANENOYA, KUMBUKUM. Nikacheka peke yangu.

Kisha nikaona moja linaloitwa NIMEKUSA. Tarehe yake ilikuwa ya wiki mbili tu nyuma.

Sitakuficha, Kaka, niliiweka bisibisi chini. Miaka kumi na tano hajakutaja, lakini nilijua papo hapo kwamba faili lile linakuhusu wewe. Nilipojaribu kulifungua, diski ikakohoa mara tatu, ikanyamaza.

Nilimwita Mama. Akavaa miwani, akazipitia zile herufi nane kwa kidole, machozi yakamlenga. "Nimekusamehe," akasema. "Kuna neno gani lingine hapo?" Neno lililonijia mimi lilikuwa nimekusahau.

Siku mbili nilikuwa nikiipumzisha diski kwenye taulo, naijaribu, inakataa, naipumzisha tena. Nilikuwa kama mtu anayeota huku macho yamefumbuka. Niliogopa isiamke, na niliogopa iamke. Alhamisi nikapiga moyo konde, nikamwuliza Baba mwenyewe: lile faili la NIMEKUSA, neno lake kamili ni lipi?

Alikuwa akifuta miwani. "Mashine imenikata," akasema. "Ulitaka nifanyeje?" Akatoka kwenda kumwagilia maua, na maua yenyewe yalikuwa yamelowa mvua tangu asubuhi.

Ijumaa diski iliamka kwa dakika kumi na moja. Nikahamishia kila kitu kwenye diski ya kuchomoa, faili hilo likiwa la kwanza. Baada ya hapo ikazimika, na sidhani kama itaamka tena.

Si nimekusamehe, Kaka. Wala si nimekusahau. Ni NIMEKUSANYA. Nyumba nzima tumelelewa na msahihishaji, na hakuna aliyeliwaza neno hilo. Nakunakilia kama lilivyoandikwa:

"Nimekusanya vitu vyake vyote. Viatu jozi moja, kimoja hakina kamba. Madaftari tisa. Redio aliyoifungua akashindwa kuifunga, nimeifunga, inaongea. Vimo kabatini kwangu. Stoo inavuja."

Chini yake ni tarehe, kurasa kwa kurasa, mara mbili au tatu kila mwaka, na karibu kila tarehe ina neno moja tu: "Nimevianika." "Nimevianika." Mwaka uliooa: "Nimevianika. Ana mke sasa." Alijuaje, wakati barua zako nilikuwa nikimsomea Mama jikoni kwa sauti ya chini? Nadhani ukuta ule unapitisha sauti pande zote mbili. Nimelia sana, nikiri tu.

Jana nilimrudishia mashine yake. Akaiwasha, akaitegea sikio.

"Haikoromi."

"Haitakoroma tena, Baba."

Akainamia kioo, mwanga wa kijani usoni. Kisha akaichomoa diski, akaigeuzageuza. "Hii ikitoka hivi, inaweza kusafiri?"

"Inaweza. Nimekuwekea na nakala nyingine."

"Basi," akasema.

Leo asubuhi nimeikuta mezani kwangu, imefungwa vizuri kwa gazeti. Nakutumia pamoja na barua hii. Najua huna mashine ya kuisomea. Ishike tu mkononi.

Msalimie sana wifi yangu, uwabusu wanangu, na yule mdogo mwambie shangazi yake bado anasubiri ule mchoro wa tembo. Mama anasema ule vizuri na uache kuandika barua fupi. Mungu awatunze mlipo na awape usingizi mtamu.

Kabla sijafunga bahasha, kuna mstari wa mwisho wa faili, ule wa wiki mbili nyuma, sijakunakilia. Unasema hivi: "Viatu vimeliwa na panya. Nimnunulie vingine. Saizi gani sasa?"

Baba hawezi kukuuliza, unamjua. Basi nakuuliza mimi. Niandikie saizi, Kaka, au uilete miguu yenyewe.

Mimi mdogo wako, nisiyechoka kukupenda,
Kitindamimba