Kijiti cha Mkononi

Shaheen, nimejifungia chooni huku ukweni Kikatiti.

Tulikuwa tunamenya ndizi. Mama mkwe akanishika mkono anifute utomvu, akabinya PALEPALE. "We Nancy, una kijiti mkononi!"

Kijiti! Kasema kijiti!! Nikajua nimekwisha. Kile cha uzazi wa mpango tulichoenda kuweka mimi na wewe. Anaeli hajui kitu, yeye kila siku anadai mtoto wa nne.

Kumbe mama alidhani nimechomwa na kijiti cha kuni. Akamwita Anaeli alete sindano! Na mume wangu kanishika mkono kwa upendo kabisa, "Vumilia, mama akitoe."

Sindano imeshagusa ngozi, Shaheen. Mama akabinya tena. Akaniangalia usoni.

"Anaeli, kachemshe maji kwanza."

Alipotoka tu, mama akapandisha mkono wa gauni lake. Ana kovu dogo, mahali palepale. "Funika mkono. Nitamwambia nimeshakitoa."

Unakumbuka Anaeli anavyotusimulia kila Krismasi, eti yeye ni kitinda mimba kwa sababu Mungu mwenyewe alimfunga mama yake kizazi?